Mwaka Maboga Hayakushika

Juzi sokoni nilimkuta binti ameketi pembeni mwa wauza nyanya, mbele yake beseni la maua ya maboga yaliyofungwa mafungu kwa nyuzi za magome. Nilikuwa sijayaona yakiuzwa kwa miaka mingi. Watu walipita, wakaulizia mchicha, wakaulizia chainizi, hakuna aliyeinama. Niliinama mimi. Harufu ya ua la boga si ya kusifiwa, haifanani na waridi wala asumini. Ni harufu mbichi, ya umande na ya ile chavua ya njano inayobaki vidoleni, kama tango lililokatwa asubuhi. Ilinipanda puani, na kabla sijauliza bei machozi yalikuwa yameshanitoka. Yule binti akaniamkia mara ya pili, "Shikamoo mama," akidhani sikumsikia. Nilinunua fungu moja nikaondoka nalo, na sikulipika. Lilinyaukia jikoni. Mama yangu tulimzika kijijini kwao, Mwimbi, mwaka jana, na tangu tumzike sijaweza kumkumbuka akiwa mzee. Namkumbuka vile alivyokuwa mwaka ule tu.

Tulikaa kwenye ukingo wa mtaa wa Katandala, pale ambapo siku zile nyumba zilikuwa zinakwisha na mahindi yanaanza. Sasa pamejaa maduka na vijiwe vya bodaboda, na mtoto wa leo ukimwambia hapa palikuwa shamba anakuangalia tu. Nyuma ya nyumba yetu Mama alikuwa na bustani ambayo majirani waliiita pori la Mama Resti. Resti ni mimi, mtoto wake wa pekee. Waliiita pori kwa sababu Mama hakung'oa kitu. Figiri lilipokomaa aliliacha likapanda juu na kutoa maua ya njano. Giligilani aliiacha ikachanua, ikawa kama ukungu mweupe. Vitunguu navyo vilisimamisha mabua yenye vichwa vya mviringo, na alizeti zilipanga mstari kando ya ua. Nanaa ilijaa pale tulipomwaga maji ya vyombo, mchaichai ukakaa pembeni, na kivumbasi kilijiotea kila mahali hadi mlangoni, ukipita kinakupaka harufu kwenye miguu. Katikati ya vyote hivyo yalitambaa maboga, mengine yakiingia bila hodi katika mahindi ya Baba. Na juu, kwenye mti mkubwa wa msuku uliokuwa nyuma ya choo, ulining'inia mzinga wa gogo ambao mjomba wangu aliuleta kutoka Mwimbi nilipozaliwa.

"Mama Resti, figiri limekomaa hilo," walimwambia wanawake wenzake. "Si ung'oe upande lingine?"

"Sisi tumeshakula," Mama aliwajibu. "Sasa zamu ya wengine."

Nilidhani wengine hao ni wageni. Nilikaa mlangoni nikiwasubiri, na kila aliyepita njiani akiwa amebeba mzigo nilimtazama nikijiuliza kama ndiye. Siku Mama aliponikuta pale na kuniuliza ninafanya nini, alicheka mpaka akakaa chini. Akanishika mkono akanipeleka kwenye figiri, akanionyesha nyuki. Walikuwa wengi hata majani yalionekana yanatikisika yenyewe. "Wageni wako hao," akasema. "Ukiwalisha, nao wanakulisha."

Nyinyi wa rika langu mliolelewa huku juu Ufipa mtakuwa mnaujua ule mlo. Maua yalichumwa asubuhi, yakiwa yamefunuka. Mama aliyatoa kijiti cha katikati, akayachanganya na majani machanga ya boga aliyokwisha kuyamenya zile nyuzi zake, akapika kwa karanga za kutwanga. Mwishoni, sufuria ikiwa inaepuliwa, alipukutishia vichwa vya maua ya vitunguu, vile vyeupe, akafunika. Tulikula na ugali wa ulezi, ule mweusi. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alikula kimya, akanawa, akasema, "Leo nimekula bustani." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Mama alijua.

Kuchuma maua ndiyo kazi ya kwanza niliyofundishwa. Mama alichutama, akanichutamisha na mimi. "Tazama. Hili ni dume, limesimama juu ya kikonyo chembamba, halina kitu chini. Hili ni jike, unaona? Chini yake kuna kitoto." Kweli, chini ya ua lile kulikuwa na boga dogo, kubwa kama kidole gumba changu, lina manyoya laini. "Tunakula madume, tena hatuyamalizi, tunayaacha mengine ili nyuki apate cha kumpelekea jike. Nyuki akifika, boga linashika. Asipofika, kile kitoto kinageuka njano, kinadondoka."

"Kinakufa?"

"Hakijashika, mwanangu. Kisichoshika hakifi. Kinaondoka tu."

Neno hilo, kushika, nilikuwa nimeshalisikia kwingine. Bibi, mama yake Baba, alikaa nyumba ya pili na sisi. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mwanamke aliyehesabu wajukuu. Alipokuwa akipeta ulezi na wenzake, nami nikicheza na makapi, nilimsikia akisema, "Tumbo la huyu halishiki. Baada ya huyu mmoja, yote yanatoka." Nao wenzake wakatikisa vichwa, mmoja akasema labda aende Misheni akaombewe, mwingine akataja dawa ya mizizi. Mimi niliendelea kucheza, lakini nilikuwa nimeelewa. Au nilidhani nimeelewa. Tumbo la Mama lilikuwa kama boga. Vitoto vilikuja, vikageuka njano, vikadondoka, kwa sababu nyuki hakufika.

Msimu huo mvua zilianza vizuri. Mahindi ya Baba yalikuwa yamenifika kichwani, na maboga yalichanua kuliko mwaka wowote. Mama naye alibadilika. Alianza kukataa harufu ya samaki, akawa anapumzika mchana, na Bibi akawa anamletea uji wa ulezi ndani ya kibuyu na kusimama pale hadi aumalize. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini nilijua. Basi kila asubuhi nilimvuta Mama kwa kanga hadi bustanini. "Kaa hapa," nilimwambia, nikimwonyesha pale maua yalipokuwa mengi.

"Kwa nini hapa?"

"Hapa pazuri."

Alikaa. Labda alikuwa amechoka na alipenda kupata kisingizio. Alikalia kigoda chake, miguu ameinyoosha katikati ya majani mapana ya maboga, akachambua mboga yake taratibu. Nyuki walikuja wakiwa wamepakaa njano miguuni, wakatua kwenye kanga yake, wakatembea, wakaruka. Hakuwafukuza na hawakumuuma. Niliwahesabu kimoyomoyo kama Bibi alivyohesabu wajukuu, nikaona kwamba safari hii itashika. Sidhani kama nimewahi tena kuwa na furaha ya namna ile, ya mtu anayejua jambo zito na anayeona linakwenda sawa. Tumbo lake likaanza kuonekana. Akaanza kuimba tena zile nyimbo za kwaya, kwa sauti ya chini, akiruka maneno asiyoyakumbuka.

Halafu wakaja viwavijeshi. Kwa waliolima huku sina haja ya kueleza. Jioni shamba ni la kijani, kesho yake unaona mistari imebaki mifupa ya majani. Ukisimama kimya katikati ya mahindi unawasikia wakila, kama manyunyu yanayoangukia nyasi. Baba alirudi kutoka shambani uso umembadilika. Alikaa kizingitini, akakataa chakula.

"Kuna dawa," akasema. "Deo amenunua, na ana bomba la mgongoni. Atanipa."

Deo alikuwa jirani yetu, mkulima kama Baba. Mama akaacha kukoroga. "Utapuliza lini?"

"Kesho, akimaliza kwake."

"Puliza jioni, baba Resti. Maua yamefunuka asubuhi. Nyuki wote wako humo, wanapita kwenye maboga yaliyoingia mahindini. Jioni wanakuwa wamerudi mzingani."

"Jioni mvua inanyesha. Wiki nzima imenyesha jioni. Itaosha dawa yote, na bomba nitakuwa nimeshalirudisha."

"Basi subiri siku isiyo na mvua."

"Nisubiri na kiwavi naye asubiri?" Hakupandisha sauti. "Mama Resti, nyuki hatutawapeleka mashineni kusaga. Haya mahindi yakiisha tutakula nini? Na huyo anayekuja atakula nini?" Akaonyesha tumbo la Mama kwa kidevu.

Mama akarudi kukoroga. Leo, nikiwa mtu mzima mwenye shamba langu, bado nayageuza maneno yale. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza.

Alipuliza asubuhi. Anga lilikuwa safi, jua limepanda kidogo, umande umekauka. Nilimwona Baba akitembea katikati ya mistari, kitambaa mdomoni, mkono mmoja ukisukuma mpini wa bomba juu na chini, na wingu jembamba jeupe likimfuata. Upepo wa huku mnaujua, hautulii. Ulilichukua lile wingu na kulileta taratibu juu ya bustani. Mama alinivuta ndani akafunga mlango na dirisha. Tulikaa gizani tukisikia bomba likilia kama mlango wenye bawaba kavu. Harufu ilipenya hata hivyo, kali na tamu kidogo, ikakaa kooni.

Mchana Mama alitoka, nikamfuata. Nyuki walikuwa chini. Wengine walikuwa ndani ya maua yaliyoanza kujifunga, wamelala juu ya chavua. Wengine walikuwa wanazunguka mahali pamoja ardhini kama waliopoteza kitu, wakijaribu kuinua mabawa. Chini ya msuku walikuwa wengi zaidi, rundo la kahawia. Nilidhani wamelala. Niliwaambia waamke. Mama alichutama akawakusanya kwa viganja vyake vitupu, akawamimina kwenye pindo la kanga, akawafukia penye nanaa. Kisha akaenda kufua nguo za Baba, zilizolowa dawa, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo za kazi na kesho yake angezihitaji. Alizifua kwa mikono, na maji yale yakawa meupe kama maziwa.

Mahindi yalipona. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli. Lakini mzingani hapakutoka sauti. Niliweka sikio kwenye shina la msuku kama nilivyozoea na sikusikia kitu. Siku zilizofuata maua ya maboga yaliendelea kufunuka, mengi, mazuri, na hakuna aliyekuja. Vitoto vilianza kugeuka njano. Kimoja, kingine, vyote. Ulivigusa tu vikabaki mkononi, vimelegea.

Niliogopa kwa namna ambayo sikuweza kumwambia mtu. Nilijua kinachofuata. Nilifikiri usiku na mchana jinsi ya kuwapata nyuki wengine, nikaenda hadi kwa majirani kuchungulia maua yao, nayo yalikuwa matupu, maana kila mtu alikuwa amepuliza. Ndipo nikaona kwamba kazi ya nyuki, ukiitazama, si ngumu. Nilichuma ua dume kubwa kuliko yote. Mama alikuwa amelala mchana kwenye mkeka, ubavu, mlango uko wazi. Nilipiga magoti, nikavuta kanga yake polepole, nikaanza kulisugua lile ua juu ya tumbo lake, nikizunguka kama wanavyozunguka. Ngozi yake ikapata njano.

Alifumbua macho. "Unafanya nini, Resti?"

"Nyuki hawapo," nikamwambia.

Nikaona uso wake ukijaribu kucheka, halafu ukashindwa. Hakunigombeza na hakunieleza kwamba nimekosea. Aliweka mkono wake juu ya wangu, ua likiwa katikati, akaubana pale tumboni. "Haya," akasema. "Endelea."

Nikaendelea.

Ilitokea mvua ikinyesha, alasiri, siku chache baadaye. Nilimsikia akimwita Baba kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo hakuwahi kufanya mbele yangu. Baba alimpakia kwenye baiskeli, Bibi akiwa anamshikilia kwa nyuma, wakaenda naye hospitali kwenye matope, wakisukuma. Mimi niliachwa kwa mke wa Deo. Mama aliporudi alikuwa mwembamba. Mtoto alikuwa mvulana, nilimsikia Bibi akiwaambia wenzake, alikuwa na vidole vyote. Kama ilikuwa ile dawa, au yale maji meupe ya kufulia, au ni lile lile lililowachukua wa kwanza, sijui. Hakuna aliyejua. Baba alimuuliza muuguzi, na muuguzi akamwambia mambo haya ni ya Mungu. Nadhani Baba alitaka kuambiwa ndiyo au hapana.

Mimi niliamini ua langu halikutosha. Niliamini hivyo hadi nikiwa msichana mkubwa, hata baada ya kusoma shuleni watoto wanatoka wapi. Kuna sehemu ya mtu haisomi.

Mama hakulia mbele yetu. Asubuhi moja alitoka na jembe, akaanza kung'oa. Aling'oa nanaa na mizizi yake yote, akakata mchaichai hadi chini, akavuta figiri lenye maua, giligilani, vivumbasi, alizeti. Alivuta mashina marefu ya maboga kama mtu anayekunja kamba. Nilimfuata nyuma nikiokota, nikijaribu kurudishia kimoja kimoja kwenye mashimo, nikikanyagia udongo kwa miguu. Hakunikataza. Alikuwa anang'oa, mimi ninapanda, mpaka akafika mwisho. Akarudi, akaving'oa na vile nilivyopanda, kwa upole, kana kwamba ananitoa mwiba. Mbuzi wa jirani wakala vyote. Jioni Baba alisimama kizingitini akitazama ile ardhi nyekundu. Kama kuna neno alitakiwa kulisema, siku yake ilikuwa ile. Hakulisema. Msimu uliofuata alipanda mahindi pale.

Kisha Mama akaenda Mwimbi kusalimia kwao. Ndivyo nilivyoambiwa, kusalimia, na mtu anayekwenda kusalimia hurudi. Alinisuka nywele asubuhi ile, akanibana sana hadi ngozi ya kichwa ikauma. Bibi alisimama uani ameshika nguzo, hakumtazama. Mama alipanda lori la magunia, akakaa juu, kitenge amejifunga kichwani kwa sababu ya vumbi, nikampungia mkono nikiwa nimefurahi kwa kuwa aliniahidi ataniletea masuku ya kwao. Nilianza shule, nikajifunza kuandika jina langu, nikamwekea daftari aje alione. Mwaka ukaisha. Baba akamleta mama mwingine, mwanamke mpole kutoka upande wa Nkasi, akazaa mwaka uleule, akazaa na uliofuata. Bibi akarudisha uso wake wa zamani. Yule mama mdogo aliniuliza siku moja, kwa nia njema kabisa, "Nasikia hapa mlikuwa mnapika maua. Yanapikwaje?" Nikamwambia sijui.

Nilimwona Mama tena nilipomaliza darasa la saba. Mjomba alikuja kunichukua. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, kwa maana nilikuwa nimeamua kumrudisha nyumbani. Nilimkuta amekaa nje ya kibanda nyuma ya nyumba ya kaka yake, kwenye uwanja uliofagiliwa hadi ukawa unang'aa. Alinikumbatia. Alikuwa ananuka moshi tu. Alinipikia dagaa wa Wampembe, akanitazama nikila, akaniuliza habari za shule, kama anavyouliza shangazi. Nilikaa naye wiki ile nikisubiri achomoe kitu, hasira au kilio au hata uongo. Alifagia asubuhi, akafagia jioni. Mjomba akaniambia faraghani, "Usimsumbue, mwanangu. Tumeshasumbua sisi."

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwambia, "Mama, twende." Akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Gari lilipokuja akanisukumia begi langu, akasema, "Msalimie baba yako. Mwambie mimi sina neno naye."

Nilimkuta Baba uani anapukuchua mahindi. Alikuwa ameanza kuota mvi, na wale wadogo zangu walikuwa wanamrukia mgongoni. Nilimwamkia, nikampa salamu, nikayasema maneno kama yalivyokuwa. Mikono yake ikasimama.

"Hakusema lingine?"

"Hakusema, Baba."

Aliwashusha watoto mmoja mmoja, akawaambia waende wakacheze. Akashika gunzi, akaligeuza, akaona limeshaisha, akalishika vilevile.

"Bora angenitukana," akasema.